Daina: Tunaokoa Bodi, Tunasahau Jiko

Ndugu wasikilizaji, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nitazungumzia daina, ile mikahawa midogo ya kando ya barabara huko Marekani, na kwa nini juhudi za kuiokoa hukwama mara kwa mara. Kwa maoni yangu, waokoaji wengi wamehangaika na bodi, yaani umbo la nje la mabati, wakasahau jiko.

Mambo yalianza mwaka 1872 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Walter Scott aliegesha gari la farasi karibu na ofisi za gazeti, akawauzia chakula watu wa zamu ya usiku wakati migahawa mingine imeshafunga. Baadaye yakaja magari ambayo mteja aliweza kuingia ndani, na mwishowe viwanda kamili vya kuyatengeneza. Kampuni ya Worcester Lunch Car, iliyoanza mwaka 1906 huko Massachusetts, ilitengeneza daina 651 kabla ya kufunga milango mwaka 1961.

Daina ilitengenezwa kiwandani ikiwa tayari, ikasafirishwa hadi kiwanja chake. Ndiyo maana ni nyembamba: ilibidi ipite barabarani au ipakiwe kwenye reli. Ingia ndani uone wembamba huo ulivyozaa nini. Kaunta moja ndefu, stuli zimekazwa sakafuni, na mpishi yuko mbele yako. Akigeuka anavunja mayai kwenye bamba la moto. Akirudi anakujazia kikombe. Dereva wa lori anakaa bega kwa bega na karani wa benki, na wote wanaona chakula chao kinavyopikwa.

Sheria mpya ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliwapeleka wasafiri kwenye njia pana zisizopita katikati ya miji. Migahawa ya makampuni makubwa yenye matawi kila mahali ikawasubiri huko. Daina zikabaki kwenye barabara za zamani, nyingi zikafa.

Mwaka 1978, Modern Diner ya Pawtucket, Rhode Island, yenye kichwa kilichochongoka kama cha treni ya kasi, ikawa daina ya kwanza kuingizwa katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Lilikuwa jambo la kushangilia. Lakini kuwemo katika orodha hiyo hakumzuii mwenye mali kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Tena orodha hiyo kwa kawaida hailipokei jengo lililohamishwa kutoka mahali pake. Sasa daina utaifanyaje, nayo ilizaliwa ili ihamishwe?

Tazameni Moondance, daina ya miaka ya 1930 ya Manhattan, katikati ya jiji la New York. Mwaka 2007 kiwanja chake kilitakiwa kwa ajili ya jengo kubwa. Wakajitokeza wanunuzi kutoka LaBarge, mji mdogo sana wa Wyoming, wakaipakia kwenye lori na kuivusha karibu nchi nzima. Majira ya baridi yaliyofuata theluji ikaangusha paa. Wakalijenga upya, wakafungua mwaka 2009, wakauza chakula, na mwaka 2012 ikafungwa. Watu wale walijitolea kweli, na ninawaheshimu. Ila Manhattan palikuwa na wapita njia usiku na mchana. LaBarge wateja wangetoka wapi? Cheyenne, daina nyingine ya Manhattan, ilifunga mwaka 2008. Mpango wa kuipeleka Brooklyn, ng'ambo tu ya mto, ulishindikana, ikauzwa ikaenda Alabama.

Adui mkubwa ni bei ya ardhi. Daina ina ghorofa moja na viti vichache, imekaa juu ya kiwanja kinachoweza kubeba mnara. Mayai na kahawa havitashinda hesabu hiyo. Kwa hiyo fedha ya uhifadhi ianze na kodi ya kiwanja na mshahara wa mpishi, ndipo ije rangi ya mabati. Jumba la makumbusho la Henry Ford huko Michigan lina Lamy's, daina ya mwaka 1946, na sasa wageni wanakula ndani yake. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Na tukisema tunahifadhi kaunta, tuhifadhi pia habari za walionyimwa kuhudumiwa. Mwaka 1961, Adam Malick Sow, balozi wa Chad, aliingia katika daina moja kando ya Barabara ya 40, jimbo la Maryland, akanyimwa kahawa kwa sababu ya weusi wake. Wanadiplomasia wengine wa Afrika waliokuwa wakisafiri kati ya New York na Washington walifanyiwa vivyo hivyo kwenye barabara hiyo. Serikali ya Rais Kennedy ikaona aibu, wanaharakati wakaenda kukaa kwenye kaunta zile, na mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi huo. Daina yoyote inayokarabatiwa kwenye Barabara ya 40 iandike habari hii ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye stuli.

Ahsanteni sana. Karibuni kwa maswali.