Kuhara Wakati wa Tibakemikali kwa Aliyepasuliwa Utumbo: Mhadhara Uliotolewa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum. Bwana Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, na ndugu mliotoka Matondoni na mliovuka bahari kutoka Pate, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni kuhara kwa mgonjwa anayetumia tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani, hasa yule ambaye kabla ya hapo amekwisha kupasuliwa na kuondolewa sehemu ya utumbo. Haya hiyo naielewa, lakini mgonjwa anayeficha ni mara ngapi amekwenda chooni humnyima daktari kipimo anachokihitaji kuliko vyote.

Naanza na hesabu, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Wataalamu wa saratani huupima uzito wa kuhara kwa kutazama ongezeko juu ya kawaida ya mgonjwa mwenyewe. Ongezeko lisilofika mara 4 kwa siku ni daraja la kwanza, mara 4 hadi 6 ni la pili, na mara 7 au zaidi ni la tatu, ambalo ni hatari. Sasa mchukueni mtu aliyeondolewa puru, yaani ile sehemu ya mwisho inayohifadhi choo kabla hakijatoka. Huyo anaweza kwenda haja mara 5 kwa siku na asiwe na ugonjwa wowote. Akifika mara 7 ameongeza 2 tu. Jirani yake aliyezoea kwenda mara 1, naye akafika mara 7, ameongeza 6. Idadi ni ile ile, ila hali zao si moja. Ndiyo maana namsihi kila anayejiandaa kuanza dawa aandike kawaida yake kwa muda wa wiki moja kabla ya dripu ya kwanza: mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, na choo kikoje. Mwenye mfuko wa kupokelea choo tumboni hahesabu mara, bali hupima kiasi kwa jagi lenye alama. Utumbo mwembamba uliotolewa nje, ukishatulia, kwa kawaida hutoa kati ya mililita 500 na 1,000 kwa siku. Ukipita lita 1.5, maji na chumvi vinampotea kwa kasi asiyoweza kuifidia kwa chakula.

La pili ni kujua umekatwa wapi. Nasikitika kusema kwamba wagonjwa wengi hujibu swali hili kwa kupapasa kovu tu. Tafadhalini, ombeni nakala ya barua ya upasuaji, muihifadhi pamoja na kitambulisho. Aliyekatwa upande wa kulia wa utumbo mpana mara nyingi huwa ameondolewa pia ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba, na ncha hiyo ndiyo inayonyonya chumvi za nyongo ili zirudi kwenye ini. Ikikosekana, nyongo huingia katika utumbo mpana, huuchokoza, na kuufanya umwage maji. Mtu wa namna hii huhara zaidi baada ya kula mafuta, na dawa iitwayo kolestiramini, ambayo hushika nyongo, yaweza kumfaa kuliko dawa nyingine, ilimradi asiimeze pamoja na dawa zake nyingine, kwani hiyo huzishika nazo. Aliyekatwa upande wa kushoto au puru hapungukiwi na nafasi ya kunyonya nyongo. Kinachomsumbua ni haja ya ghafla na ya mara kwa mara. Kuwapa wawili hawa ushauri mmoja ni kuwadhulumu wote wawili.

Juu ya hali hiyo ndipo tibakemikali inapoongezwa. Fluorourasili, na kapesitabini ambayo ni vidonge vinavyogeuka kuwa fluorourasili mwilini, huua seli zinazojigawa upesi, na utando wa ndani wa utumbo umejaa seli za aina hiyo. Anayetumia kapesitabini nyumbani, akiongeza mara 4 juu ya kawaida yake au akiamshwa usiku na kuhara, asimeze kidonge kinachofuata mpaka awe amezungumza na kliniki yake. Irinotekani, nayo dawa ya tibakemikali, ina tabia mbili. Kuna kuhara kunakokuja ndani ya saa 24, pamoja na jasho, machozi na mkazo wa tumbo, ambako hutibiwa kwa atropini; na kuna kule kunakochelewa kwa siku kadhaa, ambako ndiko kuzito zaidi.

Loperamaidi ndiyo dawa ya kwanza ya kuzuia kuhara. Kwa kawaida mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 2, kisha kimoja baada ya kila choo cha majimaji, bila kupita 8 kwa siku isipokuwa daktari ameagiza. Kwa irinotekani utaratibu ni mwingine na hutolewa kwa maandishi. Haifai kumezwa kiholela mtu akiwa na homa, damu katika choo, au tumbo lililovimba, maana aliyepasuliwa anaweza kuwa na utumbo ulioziba kwa makovu. Wengine hukimbilia metronidazoli katika duka la dawa, ile tunayoizoea kwa jina la Flagyl. Kwa anayetumia fluorourasili, dawa hiyo yaweza kuifanya tibakemikali ikae mwilini kwa wingi zaidi na kumdhuru. Isinunuliwe bila kuuliza.

Sasa maji, ambayo kwetu yana mambo yake. Mgonjwa anayehara huletewa madafu, na kwa mapenzi makubwa. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, ndiyo inayopotea zaidi, hasa kwa mwenye mfuko wa utumbo mwembamba. Anywe kwa starehe yake kidogo, lakini asilitegemee. Hata maji matupu, kwa mwenye mfuko unaotoa mengi, yakizidi huvuta chumvi ya mwili na kutoka nayo. Kinachotakiwa ni pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika lita 1 ya maji safi, au, ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita hiyo hiyo. Msichanganyie maji ya kisima yenye chumvichumvi, kwa kuwa kipimo kitakuwa kimekwisha kuharibika. Na wakati wa Ramadhani mgonjwa wa aina hii asijitese. Ruhusa yake imo katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185.

Katika chakula sina mengi. Mbaazi za nazi, pilau, pilipili na kahawa vingoje. Wali mweupe, samaki wa kuchemsha na ndizi mbivu vitangulie, kidogo kidogo na mara nyingi. Maziwa yaachwe kwa muda kama yanamchafua tumbo.

Tunaishi kisiwani, na hili lazima liingie katika hesabu zetu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ikiambatana na kuhara, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, wakati chembe nyeupe za damu ziko chini kabisa, haingojei asubuhi. Vivyo hivyo damu, kizunguzungu cha kusimama, mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi, au kutapika kila kinachonywewa. Aendaye Mombasa kwa matibabu asikubali kurudi hadi awe na namba ya simu ya kliniki na ORS ya kutosha, na familia iafikiane mapema na nahodha atakayekubali kuamshwa usiku.

Mwisho, mkirudi kwa dripu inayofuata pelekeni daftari lile la hesabu. Daktari akiona kuhara kumefika daraja la tatu anaweza kuahirisha kwa wiki moja au kupunguza kipimo, na kufanya hivyo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Anayenyamaza kwa hofu ya kupunguziwa dawa hupewa kipimo kile kile, juu ya utumbo ambao haujapona.