Madaftari Mawili ya Lisp

REHEMA: Karibuni. Leo tuliahidi mambo matatu ya kujifunza kuhusu utungaji wa viwango vya kimataifa vya lugha za programu, lakini Kaka Salim ameingia studio na malalamiko yake ya wiki.

SALIM: Ni ushahidi, Dada Rehema. Wiki hii nilikabidhiwa programu ya Common Lisp niihamishie Scheme, zote mbili zikiwa lugha za programu za ukoo wa Lisp. Ndani yake mlikuwa na kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kilichoitwa "list", na mstari huohuo ulitumia funksheni "list" inayounda orodha. Common Lisp haikulalamika, kwa kuwa ina madaftari mawili, moja la majina ya funksheni na jingine la vigeu. Scheme ina daftari moja, hivyo kigeu kikaifunika funksheni na programu ikagoma.

REHEMA: Basi umekutana na ugomvi wa ukoo. John McCarthy aliianzisha Lisp mwaka 1958 akiwa chuo cha MIT, Marekani, na kufikia miaka ya 1980 Wafaransa walikuwa na Le Lisp, wataalamu wa Ulaya wakabuni EuLisp, na Wamarekani wengi wakakusanyika kwenye Common Lisp. Kamati ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, iitwayo WG16, ilitakiwa kuwapatia wote kiwango kimoja.

SALIM: Ikakitoa mwaka 1997, ISO/IEC 13816, lugha ndogo iitwayo ISLISP, tena yenye madaftari mawili!

REHEMA: Hapo ndipo ninapopinga. Scheme ilikuwa na kiwango cha IEEE, chama cha wahandisi, tangu 1990, na Common Lisp cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 1994. Kiwango cha ukoo mzima kilipaswa kuchagua lililo safi, hasa kwa kuwa daftari moja hukuwezesha kuikabidhi funksheni kwa funksheni nyingine na kuiita kama kawaida, bila kuandika "funcall", amri ya kuita funksheni iliyo ndani ya kigeu, kila mara.

SALIM: Wewe na "funcall"! Wataalamu wa Lisp Richard Gabriel na Kent Pitman walizipima hoja za pande zote mwaka 1988, na mojawapo ni kwamba kwa madaftari mawili makro, yaani vipande vya msimbo vinavyozalisha msimbo mwingine, hupatwa na migongano michache zaidi ya majina. Isitoshe, kiwango hulinda msimbo ulioandikwa tayari. ISLISP ilitanguliza mahitaji ya viwanda kuliko ya vyuo.

REHEMA: Viwanda vipi, ikiwa waliokuwa na Common Lisp waliendelea na Common Lisp? Kiwango kinachoogopa kuirekebisha lugha kinaandika tu mazoea.

SALIM: Na kinachovunja programu za watu hakitumiwi na mtu.

REHEMA: Sikubali.

SALIM: Wala mimi.

REHEMA: Fundi wetu ananionyesha saa, na yale mambo matatu hatukuyagusa hata moja. Wasikilizaji wakumbuke tu kwamba toleo la pili la ISLISP lilitoka mwaka 2007.

SALIM: Likiwa na madaftari mawili.

REHEMA: Fundi, zima kipaza sauti chake.