Tuisheni ya Uchumi: Kalamu Chini Kwanza, Tuongee

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kidato cha tano wanaripoti shuleni na wazazi wameshaanza kuuliza: "Mwanangu kapangiwa HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, nimtafutie tuisheni ya uchumi?" Mwalimu wetu amefundisha somo hili darasani na majumbani kwa watu. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada. Mzazi akiniuliza hivyo, nami humuuliza: mtoto amekwama wapi? Wengi wanakutana na uchumi kidato cha tano. Huko nyuma walisoma biashara na utunzaji wa hesabu, wengine hata hayo hawakusoma. Wanaanza mwezi wa saba, na mwezi wa tano wakiwa kidato cha sita wanakaa mtihani wa taifa. Muda ni mfupi, kwa hiyo wanakimbilia kukariri.

DADA: Na wanakariri kwa Kiingereza.

MWALIMU: Hapo ndipo penye shida. Mwanafunzi atakutajia maana ya elastisiti bila kukosea hata neno moja. Ukimwambia, "Haya, nieleze kwa Kiswahili, ni nini hicho?" anaangalia dari. Kwa hiyo mimi somo la kwanza nasema kalamu chini, tuongee. Tunachukua sukari ya duka la mtaani. Kilo ilikuwa 2,500, mwenye duka akauza kilo 50 kwa siku. Kapandisha hadi 3,000, sasa anauza 45. Amepata au amekula hasara?

DADA: Ngoja nipige hesabu. Mwanzo 125,000, sasa 135,000. Mauzo yameongezeka.

MWALIMU: Kwa nini yameongezeka na wateja wamepungua?

DADA: Kwa sababu bei imepanda sana kuliko wateja walivyopungua.

MWALIMU: Basi umeshaifahamu elastisiti, yaani jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia bei ikibadilika. Bei imepanda kwa asilimia 20, kiasi kimeshuka kwa asilimia 10, gawanya, unapata 0.5. Ni chini ya moja, na ndiyo maana pesa imeongezeka. Fomula namwandikia baada ya hapo, na Kiingereza cha kuandikia kwenye mtihani tunakijenga juu ya kitu anachokijua.

DADA: Kuna kosa ambalo wanafunzi wote wanalifanya?

MWALIMU: Lipo, la mstari kuhama. Bei ya sukari ikipanda, mtoto anauchora mstari mzima wa mahitaji, ule unaoonyesha watu wanataka kununua kiasi gani kwa kila bei, umehamia kushoto. Hapana. Bei ya sukari yenyewe ikibadilika, unatembea juu ya mstari uleule. Ramadhani ikiingia, watu wanataka sukari zaidi hata kama bei haijaguswa. Hapo ndipo mstari wenyewe unahama kwenda kulia. Nikishamweleza hivyo namwambia achore mwenyewe, kisha anieleze mchoro wake. Asipoweza kuueleza, tunarudi mwanzo. Sioni aibu kutumia saa nzima hapo, kwa sababu nusu ya mada zinazofuata zimesimama juu ya mchoro huo.

DADA: Na mifano imejaa tele. Mwanzoni mwa 2024 si tulipanga foleni ya sukari?

MWALIMU: Mfano mzuri sana. Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, ugavi ukapungua, bei ikaruka. Serikali ikatangaza bei elekezi. Sasa mweke mwanafunzi na karatasi: mstari wa ugavi umehamia kushoto, bei ya soko imepanda, halafu chora bei elekezi chini ya hapo. Wanaotaka kununua ni wengi kuliko kilichopo. Pengo hilo ndilo uhaba, na ndiyo maana sehemu nyingi sukari iliuzwa juu ya bei iliyotangazwa. Mtoto aliyeliona hilo dukani kwao hawezi kulisahau kwenye chumba cha mtihani.

DADA: Mimi kinachoniumiza ni zile noti za kurudufu. Tuisheni nyingine ni kugawa madesa tu, kila mwaka yaleyale.

MWALIMU: Na mengine yamepitwa na wakati. Benki Kuu ya Tanzania ilibadilisha mfumo wake wa sera ya fedha Januari 2024. Zamani ililenga kiasi cha fedha kwenye mzunguko, sasa inaongoza kwa riba. Ilianza na riba ya asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Mwalimu wa tuisheni asiyelijua hilo anamfundisha mtoto nchi ambayo haipo tena.

DADA: Sasa niseme langu, Mwalimu, na nalisema kwa uchungu. Kuna walimu wanaofundisha nusu ya mada darasani, nusu nyingine wanaiuza jioni kwa wanafunzi walewale. Mtoto ambaye mzazi wake hana hela ya tuisheni anabaki na nusu somo. Huo ni wizi. Mwalimu huyo ameshalipwa kwa kodi zetu kufundisha somo hilo.

MWALIMU: Nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana mimi simfundishi kwa malipo mwanafunzi wa darasa langu. Akikwama, aje mapumziko nimweleze bure. Na mzazi akisikia mwalimu wa darasani anamwambia mtoto "hili utalipata tuisheni," aende kwa mkuu wa shule.

DADA: Haya, mzazi ameamua kulipa. Atajuaje kwamba hela yake inafanya kazi?

MWALIMU: Aangalie daftari. Sizungumzii noti, nazungumzia majibu ya mtoto mwenyewe yaliyosahihishwa. Akiulizwa sababu za mfumuko wa bei, mtoto wa madesa anaorodhesha hoja kumi, kila moja mstari mmoja. "Bei ya mafuta kupanda." Halafu? Mwalimu mzuri anaandika pembeni: endelea. Mafuta yakipanda, nauli ya lori kutoka shamba inapanda, mwenye lori anamwongezea mfanyabiashara, naye anamwongezea mlaji. Hoja tano zilizoelezwa hivyo zinamzidi mwenye kumi zilizotajwa tu. Kama daftari halina wino wa mwalimu, huyo mtoto anahudhuria tu.

DADA: Tuje chuoni. Pale watu wanalia na hesabu.

MWALIMU: Wanalia kweli. Aliyetoka EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, alisoma hesabu kamili. Aliyetoka HGE alisoma ile hesabu ya ziada, BAM (Basic Applied Mathematics), na wengi waliipa mgongo. Mwaka wa kwanza wanakaa ukumbi mmoja, lekcha moja, na mhadhiri anaanza na kalkulasi, hesabu za jinsi kitu kinavyobadilika. Sapu nyingi, ile mitihani ya kurudia somo, zinaanzia hapo. Tuisheni ya chuo, kwa maoni yangu, ingeanza kabla chuo hakijafunguliwa, na ingekuwa ya hesabu tupu.

DADA: Nipe mfano, nami nilikuwa HGE.

MWALIMU: Fundi anatengeneza madawati. Gharama yake, kwa maelfu ya shilingi, ni 100, jumlisha 5 mara idadi ya madawati, jumlisha 2 mara idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Madawati 10?

DADA: Mia, na hamsini, na mia mbili. 350.

MWALIMU: Madawati 11?

DADA: Mia, hamsini na tano, mia mbili arobaini na mbili... 397.

MWALIMU: Kwa hiyo dawati la kumi na moja limemgharimu 47, yaani shilingi 47,000. Kalkulasi inasema gharama ya nyongeza ni 5 jumlisha 4 mara idadi. Weka 10, unapata 45. Kwa nini hazilingani?

DADA: Mmoja amekosea?

MWALIMU: Hakuna aliyekosea. 45 ni mwinuko pale pale ulipo kwenye dawati la kumi. Ile 47 ni safari nzima kutoka la kumi hadi la kumi na moja, na gharama ilikuwa inazidi kupanda njiani. Mwanafunzi akilielewa hilo, kalkulasi inaacha kumtisha. Na wala hahitaji mtu wa bei kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefaulu somo hilo, kimbweta kimoja, ile meza ya kujisomea nje, watu wanne au watano, wanachangishana. Wakizidi hapo, mwenye aibu hataongea.

DADA: Na wale wanaolipwa kuandika kazi za wengine, asainimenti na tafiti?

MWALIMU: Hao tusiwaite walimu wa tuisheni. Wanamwacha mtu na shahada asiyoweza kuitetea mbele ya meza ya usaili.

DADA: Wanafunzi, Mwalimu ana swali lenu la wiki hii.

MWALIMU: Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Nielezeni kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, hiyo robo ya asilimia inapitia wapi hadi imfikie mama mwenye mkopo wa mtaji wa mgahawa, na inaweza kukwama wapi. Rekodini sauti, dakika mbili zisizidi. Nitazisikiliza na kuzisahihisha humu humu wiki ijayo.