Mchwa ni mkulima jamani

Haya tuendelee, wa huko nyuma mnanisikia eeh? Sawa. Leo nataka nimtetee mchwa, maana tunamjua kwa ubaya tu, kala mlango, kala paa, kala vyeti vya watu kabatini, basi tukiona kichuguu ni sumu tu. Na wengi tunadhani ni ndugu yake siafu, hapana, ndugu zake mchwa ni mende.

Sasa hawa wanaojenga vile vichuguu virefu, Macrotermes, ni wakulima kabisa. Wanatoka usiku kuokota nyasi kavu na vijiti, wanatafuna na kumeza, wakirudi wanakunya kwenye vyumba maalumu chini kule, kinyesi kinajengwa kama sponji na juu yake unaota uyoga, uyoga ndio unaolainisha yale mabaki magumu halafu ndo wanakula. Na uyoga huu hauoti popote pengine, bila mchwa haupo! Mvua zikinyesha ndo unachomoza juu ya ardhi watu wanachuma, kuna aina moja inaota Zambia kofia yake inakaribia mita 1.

Hii kazi ni ya zamani mno. Mwaka 2016 watafiti walitangaza mabaki ya mashamba hayo yaliyogeuka jiwe, yalikutwa hapa hapa kwetu, bonde la Rukwa, yana miaka kama milioni 25. Milioni 25 jamani! Mimi hiyo habari kila nikiisoma nasisimka, binadamu alikuwa hajawa hata wazo.

Na kumbikumbi mnaowakaanga ndo mabibi na mabwana harusi wao, wanaruka baada ya mvua, wanadondosha mabawa, dume na jike wakipatana wanachimba shimo wanajifungia humo na hawatoki tena maisha yao yote. Jike anavimba tumbo mpaka anakuwa saizi ya kidole, anataga mayai maelfu kwa siku, na mfalme yupo pale pembeni yake, sio kama dume la nyuki likishapanda linakufa. Watoto wa kwanza wakikua wanatoka nje, na kwa aina nyingi ndo hao wanaoleta mbegu ya uyoga nyumbani, shamba linaanza upya.

Faida yake kwetu ni udongo. Pale Mpala, Laikipia, Kenya, watafiti walikuta karibu na vichuguu mimea inastawi zaidi na wadudu na mijusi wanajaa zaidi, na wakulima wa Zambia, Malawi na kwingine wanachimba udongo wa kichuguu wanautawanya shambani kama mbolea. Kwa hiyo aliyeingia kwenye mlango wako pambana naye, una haki, ila cha kule shambani ambacho hakijakugusa naomba ukiache, usikimwagie kitu.

Maswali sasa, dada mwenye kitenge cha njano ulinyoosha mkono mapema, karibu.