Sheria Ndogo Ipo Gazetini, Faini Ipo Sokoni

WAKILI: Karibuni wasikilizaji wetu katika kipindi hiki. Mama, shikamoo.

MAMA MTENDAJI: Marahaba, mwanangu. Nawasalimu wote wanaotusikiliza, walioko kazini na walioko nyumbani.

WAKILI: Leo tunazungumzia sheria ndogo za halmashauri, na hasa namna zinavyosimamiwa katika miji midogo ya Tanzania kama Korogwe, Babati au Makambako. Katika miji hiyo sheria ndogo humgusa mwananchi kila siku kuliko sheria nyingi zinazopitishwa Dodoma, kwa kuwa ndiyo inayoamua mahali pa kupanga nyanya zake, namna ya kutoa taka nyumbani, ushuru wa meza yake sokoni na nini kifanyike mbuzi wake wakionekana barabarani. Mama alikuwa mtendaji wa kata hadi alipostaafu, nami ni wakili katika mji wa aina hiyo, kwa hiyo kila mmoja wetu ameliona jambo hili kutoka upande wake.

MAMA MTENDAJI: Niseme mapema ninachokiamini, ili mjadala wetu usitawanyike. Wananchi wengi hulalamikia ukubwa wa faini, na malalamiko hayo yana msingi, lakini naona kasoro kubwa zaidi hutangulia faini yenyewe. Anayetozwa hajawahi kuiona sheria, na mara nyingi anayetoza naye hajaisoma. Mgambo hupewa maelekezo ya mdomo asubuhi, leo ni usafi, kesho ni waliopanga bidhaa kwenye hifadhi ya barabara, kisha huingia mtaani akiwa hana karatasi yoyote inayomwonyesha mipaka ya madaraka yake. Hapo sheria inakuwa kile alichokumbuka kuambiwa.

WAKILI: Tuanze basi na chanzo cha madaraka hayo. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya mwaka 1977 ndizo zinazoweka vyombo vya serikali za mitaa na kueleza kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1982 Bunge lilitunga Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za wilaya, ambayo leo ni Sura ya 287, na nyingine kwa mamlaka za miji, ambayo ni Sura ya 288, pamoja na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Kwa hiyo baraza la madiwani linapotunga sheria ndogo linatumia madaraka lililokabidhiwa na Bunge, nayo madaraka hayo yana mipaka.

MAMA MTENDAJI: Na hayakuwapo wakati wote. Sisi wa umri wangu tunakumbuka kwamba serikali za mitaa zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa mpango wa madaraka mikoani, na mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978 baada ya huduma za miji kuzorota sana. Nalitaja hilo kwa sababu kuna vijana wanaodai kwamba mji unaweza kuishi bila halmashauri na bila sheria ndogo. Jambo hilo lilijaribiwa, na taka hazikuzolewa kwa amri kutoka mbali.

WAKILI: Tueleze hatua za kutunga. Wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu, kamati za madiwani huipitia, kisha wananchi hutangaziwa kusudio la kutunga sheria hiyo ili wenye maoni au pingamizi wayawasilishe. Baada ya hapo baraza la madiwani hupitisha, rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, yaani TAMISEMI, naye akiridhia, sheria huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Hata baada ya hapo Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayochambua sheria za aina hiyo.

MAMA MTENDAJI: Katika orodha hiyo, hatua ya kuwatangazia wananchi ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, na ninaisema kwa uchungu kwa sababu ndiyo pekee ambayo muuza mchicha anaweza kusema neno lake. Rasimu yenye kurasa nyingi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ambako muuza mchicha hana shughuli ya kumpeleka, imeandikwa kwa lugha ya kisheria ambayo hata mwenyekiti wa mtaa inamtoa jasho, na muda ukipita bila pingamizi inaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Mkutano mkuu wa mtaa upo kwa mujibu wa taratibu. Kama rasimu ya ushuru wa soko ingesomwa kifungu kwa kifungu katika mkutano huo, na wenye meza wakaulizwa wanaweza kulipa kiasi gani kwa siku ya soko na kiasi gani kwa siku ya kawaida, tungepata kiwango kinacholipika, na mtoza ushuru angekaribishwa badala ya kukimbiwa.

WAKILI: Hapo sikubaliani nawe kwa sehemu, mama. Nimehudhuria mikutano ya mitaa ambako akidi haikutimia, na iliyotimia ilitawaliwa na watu watatu wenye sauti kubwa. Naona kinga ya uhakika zaidi ni kwamba sheria ndogo inayopingana na sheria iliyotungwa na Bunge ni batili kwa kiasi inavyopingana nayo. Chukua ushuru wa mazao. Kwa miaka mingi halmashauri ziliruhusiwa kutoza hadi asilimia 5, na katika bajeti ya mwaka 2017 kiwango kilishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tangu hapo, halmashauri ambayo haikurekebisha sheria yake ndogo haikuwa na haki ya kuendelea kudai asilimia 5, hata kama maneno hayo bado yalisomeka kitabuni.

MAMA MTENDAJI: Endelea, usiliache geti la mazao, pale mizigo inaposimamishwa na kutozwa ushuru.

WAKILI: Silisahau. Katika bajeti hiyo hiyo Serikali ilitangaza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru huo. Mwenye magunia sita ya mahindi ya kilo 100 kila moja amebeba kilo 600, kwa hiyo hapaswi kusimamishwa getini na kudaiwa. Nayo Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Mtoza ushuru anayesema kwamba hapa kwetu tuna utaratibu wetu hana mahali pa kusimama.

MAMA MTENDAJI: Ni kweli kabisa, mwanangu, lakini fikiri ni nani anayefika getini. Ni mama aliyekodi nafasi kwenye lori la mtu mwingine, usiku, na dereva anamhimiza walipe waondoke kwa sababu mzigo wa wenzake unaharibika. Atasema nini kuhusu ubatili wa sheria ndogo, na atamfikia wakili gani saa sita ya usiku? Atalipa. Kinga unayoitaja inafanya kazi mahakamani, wakati sheria hii inasimamiwa getini, sokoni na mlangoni kwa mtu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba karatasi iwepo pale pale panapotozwa: ubao wenye viwango, namba ya tangazo la Serikali, na maneno yanayosomeka kwamba mzigo usiozidi tani moja hautozwi. Ubao huo hauhitaji bajeti ya Waziri.

WAKILI: Nakubali, na ningeongeza stakabadhi. Siku hizi halmashauri hutumia mashine za kukusanyia mapato na namba za malipo za Serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kutoa fedha mkononi na kuondoka bila stakabadhi. Sasa tuingie kwenye faini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumizwa. Mgambo hana mamlaka ya kumhukumu mtu. Kwa kawaida sheria ndogo huwa na kifungu cha kufifilisha kosa, kinachomruhusu Mkurugenzi, au ofisa aliyemwidhinisha, kupokea faini bila kesi kufikishwa mahakamani, kwa sharti kwamba mtuhumiwa amekiri kosa lake kwa maandishi na yuko tayari kulipa. Asiyekiri anapaswa kupelekwa mahakamani. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba anayo hatia.

MAMA MTENDAJI: Na mtaani kinachotokea ni kwamba mizani, sufuria au kapu la ndizi linachukuliwa kwanza, ndipo mazungumzo yanaanza. Mwenye kapu hapewi fomu ya kukiri wala ya kukana. Anaambiwa alifuate ofisini, akifika anaambiwa aliyelichukua yuko doria, na kufikia jioni ndizi zimeiva kupita kiasi na mtaji wake umekwisha. Hapo mtu ameadhibiwa mara mbili kabla ya kuulizwa swali lolote. Lazima tulitazame pia tumbo la mgambo. Wengi wao hawana mshahara, wana posho isiyo na uhakika, na wanapoahidiwa sehemu ya makusanyo ya siku, unakuwa umewafundisha kutafuta makosa mahali penye watu wengi na wanyonge, yaani sokoni. Hawaendi kwenye baa inayopiga muziki hadi alfajiri karibu na zahanati, kwa sababu mwenye baa anawafahamu wakubwa.

WAKILI: Upendeleo huo ndio unaoimaliza sheria. Mfugaji akishikiwa mbuzi wake wakati ng'ombe wa diwani wanalala barabarani bila kuguswa, hata faini iliyo halali kabisa ataiona kuwa uonevu, na hatakosea sana. Lakini mama, naomba tusiwasahau wanaoumizwa na kutosimamiwa kwa sheria. Mtaro ulioziba kwa sababu mtu amejenga kibanda juu yake hufurisha nyumba za jirani zake, na huyo jirani naye ni maskini. Huruma kwa mwenye kibanda ina gharama, na anayeilipa ni mtu mwingine.

MAMA MTENDAJI: Hilo halina ubishi. Nimewaona kina mama wakichota maji kutoka chumba cha watoto kwa sababu ya kibanda kimoja ambacho kila mtu aliogopa kukigusa. Ninachokataa ni kukivumilia kibanda miaka minne, kukitoza ushuru kila siku na kukipa stakabadhi, kisha asubuhi moja kukivunja kwa kuwa kiongozi anapita. Ukichukua ushuru wa mtu juu ya mtaro umemwambia kwamba pale ni mahali pake. Halmashauri inayotaka kuiheshimu sheria yake inapaswa kukataa fedha hiyo tangu siku ya kwanza.

WAKILI: Hapo unagusa historia ya karibuni ya wamachinga nchi nzima. Desemba 2018 Rais Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na wenye vitambulisho wakaachwa wafanye biashara bila kusumbuliwa, hata kandokando ya barabara. Mwaka 2021 yakaja maelekezo mengine ya kuwapanga na kuwahamishia maeneo rasmi. Simlaumu kiongozi yeyote, kwa kuwa kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, lakini kwa macho ya muuza viatu, kilichobadilika miaka yote hiyo kilikuwa maelekezo kutoka juu, wala si sheria ndogo aliyoshiriki kuitunga.

MAMA MTENDAJI: Ndipo mtu anapojifunza kusikiliza redio badala ya kusoma ubao wa mtaa. Na bado kuna mji unaonipa moyo. Manispaa ya Moshi imesifika kwa usafi kwa miaka mingi, na ingawa faini kwa mtupa taka zinatajwa sana, kinachonivutia ni kwamba mwenyeji mwenyewe humkemea mgeni anayetupa ganda la muwa. Kinachowezekana Moshi kinawezekana hata katika mji mdogo kuliko huo, mradi gari la taka lipite siku iliyotangazwa. Huwezi kumtoza mtu faini kwa kuweka taka nje ya kizimba wakati kizimba kimefurika wiki nzima.

WAKILI: Msikilizaji wetu afanye nini kesho akikamatwa kwa kosa la sheria ndogo?

MAMA MTENDAJI: Aulize kwa adabu kosa liko katika sheria ndogo ipi na kifungu gani, kwa sababu mtendaji wa mtaa anapaswa kuwa na nakala ofisini. Kama anakiri, aandike, alipe kwa namba ya malipo na adai stakabadhi. Kama hakiri, aseme hivyo wazi na aombe kupelekwa mahakamani, wala asikimbie wala kutukana, kwa sababu kumzuia mtumishi kutekeleza kazi yake huwa kosa jingine. Mali yake ikichukuliwa, adai orodha iliyosainiwa.

WAKILI: Na akiambiwa nakala haipo?

MAMA MTENDAJI: Aandike barua fupi kwa Mkurugenzi akiiomba, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na aliweke suala hilo katika ajenda za mkutano mkuu wa mtaa unaofuata. Diwani akiwepo, aulizwe mbele ya watu lini sheria ya ushuru wa soko ilipitiwa kwa mara ya mwisho na viwango vyake vimebandikwa wapi.

WAKILI: Katika kipindi kijacho tutachambua sheria ndogo za udhibiti wa mifugo mijini, kwa sababu mama na mimi hatujakubaliana kama gharama ya kumhifadhi mnyama aliyekamatwa ihesabiwe kwa siku au kwa mnyama. Asante sana, mama.

MAMA MTENDAJI: Asante nawe, wakili, na uje na vifungu vyako vyote.