Kabla Hujataja Bei, Panda Darini

Assalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa nizungumze na ninyi mnaotafuta nyumba ya kwanza hapa Mtwara, ile iliyochoka, kwa kuwa mpya haishikiki. Bei itafuata. Naanza na mwezi.

Tafuteni mwezi wa tano. Kusini mvua yetu ni msimu mmoja, inashika Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mwezi wa tano madoa ya kuvuja bado yapo kwenye dari, mwenyewe hajapata nafasi ya kuyafunika kwa rangi. Halafu fedha za korosho zimeshakwisha mifukoni, watu wanapalilia mikorosho wakingoja minada ya Oktoba. Njoo Novemba mnada umechangamka uone kama muuzaji ana haraka na wewe! Na dalali asikutishe kwamba gesi inakuja na bei zitapanda. Wapo walionunua kwa bei ya gesi mwaka 2012 na 2013, waulizeni.

Ukifika, usiitukane nyumba ya mtu. Amelelea watoto humo. Wewe nenda na fundi wako, siyo wa dalali, apande darini achome kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Mbao iliyoliwa na mchwa inaingia kama mkate. Aangalie bati, maana Shangani na Mikindani upepo wa bahari unalila pamoja na misumari yake. Kisha lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni lina chumvi: nondo inashika kutu, inavimba, inapasua zege. Ufa unaofuata nondo hauponi kwa plasta, hapo ni kubomoa. Vile vyufa vyembamba vya plasta achaneni navyo, vitawapotezea heshima mezani.

Sasa mazungumzo. Tuseme anataka milioni 35. Fundi amekadiria paa milioni 4, lenta milioni 2, shimo la choo milioni 1 na nusu. Jumla milioni 7 na nusu. Wengi watataja 27 na nusu. Mimi ningeanzia 26, kwa sababu paa likifunguliwa huonekana mengine. Lakini msitaje tarakimu kwanza. Wekeni karatasi ya fundi mezani, msome naye mstari kwa mstari. Atabisha, na abishe! Akisema, "Bati hili bado zima, labda hiyo lenta," lenta ameshaikubali kwa mdomo wake.

Akikwambia atatengeneza yeye kabla hujahamia, mshukuru, uombe punguzo. Anayehama hutengeneza kwa mkono wa anayehama.

Walioipenda Mikindani, zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, nina neno lenu. Fundi wa kawaida atawakadiria plasta ya saruji, na saruji tunayo, kiwanda cha Dangote kipo hapa hapa. Msikubali. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu kadhaa plasta inabanduka na jiwe lake. Makadirio yawe ya chokaa, na fundi awe anayeijua. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa hiyo ujira wake uhesabiwe kwenye punguzo.

Karatasi nitazipitia haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, basi mke au mume naye asaini. Kama ni ya urithi, muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa tu. Ulizeni deni la maji, na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, pia, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo.

Na fedha zisitoke zote siku moja. Andikeni kwa wakili kwamba sehemu ya mwisho italipwa uhamisho wa umiliki ukishasainiwa na funguo zikiwa mkononi, hata kama muuzaji ni shemeji yako.