Embe limetoboa bawa: tunarekebisha ndege ya kujengea nyumbani, Tabora

Mwangaluka wote. Karibuni tena karakana, hapa Tabora. Leo sitaanza na salamu ndefu, kijana wangu sogeza kamera hapa juu ya bawa la kushoto. Mnaona hilo tundu? Linaingia ngumi yangu. Hakuna aliyerusha jiwe. Ni embe. Niliiegesha ndege chini ya mwembe ili isipigwe jua, upepo wa mvua ukaja usiku, na embe bichi likashuka kutoka juu huko likapasua kitambaa. Hapa kwetu miembe ni mingi kuliko nguzo za umeme, kwa hiyo nakiri, ningepaswa kujua.

Kwa wageni: hii ni ndege ndogo ya viti viwili, mbawa za juu, gurudumu dogo nyuma mkiani. Nimeijenga kwa ramani, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa cha poliesta. Leo tunafanya mawili: tunaziba tundu, halafu tunabadilisha tairi tuweke kubwa, maana kiwanja ninachotumia ni cha udongo na vichuguu havishi. Na kabla hujaniuliza: ndege ikiguswa hivi hairuki mpaka iandikwe kwenye daftari lake na mkaguzi aione. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa ruhusa. Ukitaka kubadilisha kitu, anza kwa kuuliza huko, ndipo ushike spana.

Haya. Hatua ya kwanza ni kuongeza tundu. Ndiyo, kuongeza. Mtu wa haraka atabandika kiraka juu, apake rangi, aende zake. Sasa ndani kumevunjika nini? Hajui. Chukua wembe mpya, kata kitambaa taratibu mpaka mkono na tochi vipite. Angalia hapa... huo ni ubavu wa bawa, na ule ufito wake wa juu, mwembamba kama rula ya mtoto wa shule, umechanika. Embe limefika mpaka huko. Endelea kupapasa mbele hadi kwenye boriti kuu, ile mbao nene inayobeba bawa lote. Gonga kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Mlio mkavu, mkali, ni mbao nzima. Mlio mzito, uliokufa, simama hapo hapo, hiyo si kazi ya video. Yangu iko salama. Ingekuwa boriti imepasuka, leo ningekuwa nawaonyesha jinsi ya kuvua bawa zima.

Hatua ya pili, ubavu. Fundi seremala mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, mzee ninayemheshimu sana, alipouona ufito huu alicheka. Akaniambia, "Mwanangu, hivi vijiti ni vya kuchomea mishikaki. Nikupe mninga, hautavunjika mpaka wajukuu zako wazeeke." Na mninga wa huku mnaujua, kitanda cha mninga kinarithiwa. Lakini mzee hajengi ndege. Ramani inataka spurusi, mbao laini ya nchi za baridi, ambayo kwa ukubwa ule ule mninga unaizidi uzito kwa kama mara moja na nusu. Ukiweka mninga ubavu mmoja, huo hautavunjika kweli, ila utakuwa mgumu kuliko wenzake. Bawa likijikunja kidogo angani, wenzake watapinda, wenyewe utakataa, na mzigo utahamia kwenye kiungo cha jirani. Nilimwamkia mzee, nikamshukuru, nikarudi na kipande changu cha spurusi nilichobakiza wakati wa kujenga.

Sasa kukata. Usiunganishe ncha kwa ncha, hapo gundi haina pa kushika. Kata kwa mshazari mrefu: kwa kila milimita 1 ya unene, mshazari uende milimita 12. Ufito wangu una unene wa milimita 6, kwa hiyo mshazari ni milimita 72. Pima, chora, kata, halafu randa zote mbili kwa pamoja ili zilale kama viganja vinavyosalimiana. Shika juu kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita katikati, randa tena. Nilirudia mara nne, kijana amekata sehemu hiyo kwenye video asiwachoshe.

Gundi ni epoksi ya mbao ya ndege, ile ya sehemu mbili. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, usikisie. Paka pande zote mbili, kutanisha, kisha banika. Na hapa siri yangu ya bei ya mia mia: vibanio vya kuanikia nguo. Epoksi haitaki kubanwa kwa nguvu. Ukiikaza kwa jiliwa itakamuliwa yote na mbao zibaki kavu. Vibanio sita vya nguo vinatosha kabisa. Halafu chukua vipande viwili vya taka, viunganishe kwa gundi ile ile ya kikombe kile kile, uviweke kando. Kesho yake vivunje. Vunja, kijana, waone. Umeona? Imepasuka mbao, mstari wa gundi umebaki. Ndivyo tunavyotaka. Ingeachana kwenye gundi, ningekata kazi yote nianze upya.

Hatua ya tatu, kitambaa. Kiyeyushio cha kuondolea rangi ya zamani kinashika moto kwa mvuke tu, hata moto ukiwa mbali kidogo. Mama lishe jirani yangu nilimwomba ahamishe jiko lake kwa siku mbili, akakubali kwa sharti nimnunulie chakula. Milango wazi, glovu, barakoa ya mvuke na siyo ile ya kitambaa. Safisha kuzunguka tundu mpaka uone nyuzi, kisha kata kiraka cha poliesta ile ile, kizidi ukingo wa tundu kwa sentimita 5 kila upande. Pembe zake zizungushe, pembe kali hubanduka kwanza. Paka gundi ya kitambaa, laza kiraka, pitisha kidole kutoka katikati kwenda nje. Upepo ukibaki ndani unaonekana kama kipele, utoe sasa hivi, baadaye hautoki.

Hatua ya nne, pasi. Hapa ndipo nilipoharibu bawa zima miaka ya mwanzo, kwa hiyo sikilizeni. Poliesta ikipata moto husinyaa, na ndivyo kitambaa kinavyokaza kama ngozi ya ngoma. Kikilegea unafikiri dawa ni kuongeza moto. Pasi ya nyumbani ukiiweka alama ya pamba inafika karibu nyuzi joto 200 za Selsiasi, na kitambaa hiki mwisho wake ni 177. Ukipita hapo kinaanza kulegea badala ya kukaza, na hakuna cha kukirudisha. Tena hata 177 si ya kila ndege. Fito nyembamba kama hizi zinaweza kupindwa na kitambaa chenyewe kinavyovuta. Mimi naanza 121 na ninafuata kitabu cha aliyetengeneza kitambaa, siongezi nyuzi hata moja kwa hisia.

Namba za kwenye kitufe cha pasi usiziamini. Weka tone la grisi chini ya pasi, gusisha kipimajoto, subiri ipande na kushuka mara tatu, kisha chora alama yako kwa kalamu ya wino mzito. Ona pasi yangu: alama ya hariri ndiyo 121. Ya kwako itakuwa tofauti. Pitisha polepole, usisimame sehemu moja. Kile kikunjo pale pembeni... angalia... kinaondoka chenyewe. Hiyo raha sijui niielezeje.

Hatua ya tano, rangi. Rangi ya fedha inakuja kabla ya ile ya urembo, na usiiruke. Ina chembe za alumini, na kazi yake ni kuzuia jua. Poliesta adui yake ni jua, hasa hili letu la mwezi wa tisa na wa kumi. Paka tabaka nyembamba, kausha, paka tena. Mvua ikinyesha, acha. Hewa ikiwa na maji mengi rangi hufifia ikawa na ukungu mweupe, utaisugua yote kwa msasa. Mimi nilisubiri siku tatu. Kujua kama fedha imetosha, ngoja usiku, zima taa za karakana, ingiza balbu ndani ya bawa kupitia kidirisha cha ukaguzi. Kijana, zima. Mnaona zile nukta mbili zinazowaka kama nyota? Hapo jua litapita. Nitazipaka asubuhi.

Hatua ya sita, tairi. Hii ni nyepesi, tutapita haraka. Jeki chini ya ekseli, siyo chini ya mguu wenyewe. Toa kotapini, kile kipini kinachozuia nati isijifungue, kisha nati, tairi. Rudisha kwa mpangilio ule ule, kaza kwa spana yenye kipimo, weka kotapini mpya. Ile ya zamani usiinyooshe ukairudisha, ni shilingi ngapi? Jambo moja la kukumbuka: tairi za zamani zilikuwa na kipenyo cha sentimita 36, hizi ni 53. Breki ni ile ile, ila sasa inashindana na tairi kubwa zaidi, kwa hiyo nguvu yake pale chini kwenye udongo imepungua kwa kama theluthi. Kwenye kiwanja kifupi hiyo siyo hesabu ya karatasi. Na pua imeinuka, ukiwa unatembea chini huoni mbele, itabidi uende kwa kuyumba kushoto na kulia. Faida yake, panga boi limeenda juu, mawe hayalifikii.

Sasa hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka. Kupima uzito.

Mizani nimeazima chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, ile ya kupimia marobota. Kabla ya kuiamini weka ndoo ya lita 20 ya maji, toa uzito wa ndoo, isome 20. Funga milango ya karakana, upepo ukipita juu ya bawa unalibeba na mizani inadanganya. Inua mkia mpaka pima maji iseme ndege imelala sawa. Mizani ni moja tu, kwa hiyo magurudumu mengine nayawekea mbao za urefu ule ule, nahamisha mizani moja moja. Kisha timazi: shusha kamba kutoka ukingo wa mbele wa bawa, weka alama sakafuni. Hapo ndipo sifuri yetu. Ekseli iko sentimita 8 nyuma ya alama, gurudumu la mkia sentimita 440.

Kushoto kilo 116. Kulia 113. Mkia 16. Jumla 245. Sasa zidisha kila uzito kwa umbali wake: 229 mara 8 ni 1,832. 16 mara 440 ni 7,040. Jumlisha upate 8,872, gawanya kwa 245: sentimita 36.2. Hapo ndipo uzito wa ndege umekaa. Ramani yangu inaruhusu kuanzia 28 hadi 48. Kabla ya tairi hizi ilikuwa 37.0. Kilo 7 zimeongezeka, na zimesogeza kitu kisichofika sentimita moja, kwa sababu haziko mbali na pale uzito ulipokaa.

Mmebeba ndoo kwa mzega? Ndoo ndogo ikiwa mbali na bega inamshinda kubwa iliyo karibu. Mwaka juzi nilihamisha betri ya kilo 5 tu kutoka mbele kwenye injini nikaipeleka mkiani, nipate nafasi ya kuchomeka waya vizuri. Kilo haikuongezeka hata moja. Nilipopima, uzito umerudi nyuma zaidi ya sentimita 7, ukafika 44, na hapo hakuna aliyekaa wala begi lililowekwa. Ningeruka hivyo na abiria na mzigo, ningepita 48, na ndege yenye mkia mzito ikipandisha pua unaweza usiweze kuishusha. Betri ilirudi mbele siku ile ile. Waya bado zimebanana, na zitabanana hivyo hivyo.

Na kilo 7 zenyewe? Mwisho wa ndege hii ni kilo 450. Watu wawili wa kilo 75, petroli lita 50 ambayo ni kama kilo 36, nimebakiwa na 19. Zile 7 nilizompa tairi ni dumu la lita 5 la asali ambalo sitampelekea shemeji. Tena Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Saa nane mchana, nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kama vile uko mita 2,100. Injini inapumua kwa shida, bawa linashika kwa shida, mbio za kuruka zinarefuka. Ndiyo maana mimi naruka asubuhi saa kumi na mbili na nusu, na mninga nimemwachia mzee.

Yote haya yameandikwa: tarehe, kilichobadilishwa, uzito wa kabla na wa baada. Karatasi ya zamani imepigwa mstari mmoja, haijachanwa, mkaguzi atataka kuziona zote mbili. Akishaona nitawapa video ya mbio za chini, kwa kasi ndogo, kujaribu breki.

Haya, kijana, acha kamera hapo mezani iendelee. Njoo ushike bawa la kulia. Tunaitoa nje, ila siyo chini ya mwembe.